Kapasita ya Kutuliza Inapogeuka Chanzo cha Mtetemo

MEZA YA ELEKTRONIKI: MAJIBU KWA WASOMAJI

Barua za mwezi huu zimelijia jambo moja kutoka pande mbalimbali, nalo ni volteji rejea, yaani ile volteji moja isiyopaswa kubadilika, ambayo vipimo vingine vyote vya saketi hulinganishwa nayo kama vile sukari dukani inavyolinganishwa na mawe ya mizani. Jiwe likimeguka, hakuna kilo iliyo halali. Nimechagua barua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo nimelikuta kwa mafundi wengi, nami mwenyewe nimo.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa sola, Tabata. Nimeunda kipima volteji cha betri za volti 12 kwa kutumia maikrokontrola ya ATmega328 na TL431, aisii (chipu) ya volteji rejea niliyoichomoa kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyokufa. Kathodi pamoja na pini ya rejea ya TL431 nimezipeleka kwenye pini ya rejea ya maikrokontrola ili nipate volti 2.5, na kutoka kwenye betri nimepitisha rezista ya kilo-omu 10. Namba zilikuwa zinacheza kidogo, nikashauriwa niweke kapasita ya kutuliza, nikaweka ya seramiki ya nanofaradi 100. Sasa zinacheza kuliko mwanzo, na betri ileile inasomeka mara 12.4, mara 12.7. Je, TL431 imekufa, au ni ya bandia?* — Fundi wa Sola, Tabata.

Marahaba. TL431 yako haijafa, wala sioni sababu ya kuishuku kuwa ni ya bandia. Ninavyoona mimi, una makosa mawili yaliyokutana, na la pili limelifunika la kwanza.

Tuanze na mkondo. TL431 haishiki kazi yake ipasavyo mpaka ipitishe takriban miliampia 1 kwenye kathodi. Betri ikiwa na volti 12, rezista yako inabeba volti 9.5, na 9.5 ukiigawanya kwa kilo-omu 10 unapata miliampia 0.95. Hapo bado hujatoa kile kinachonywewa na pini ya rejea ya ATmega328, ambayo kwa mujibu wa datashiti yake, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ina ukinzani wa kiasi cha kilo-omu 32, na kwa hiyo inachukua karibu miliampia 0.08. Betri ikishuka hadi volti 10.5, TL431 inabakiwa na miliampia 0.72 tu. Kule kucheza kidogo ulikokuona mwanzoni yaelekea kulitokana na njaa hiyo. Weka rezista ya kilo-omu 2.2: betri ikiwa volti 10.5 utapata miliampia 3.6, na sola inapoisukuma hadi 14.4 utapata 5.4, viwango ambavyo aisii hiyo inavimudu bila hata kupata joto.

Sasa kapasita. Aliyekushauri hakusema jambo la ajabu, kwani ATmega328 inapotumia volteji rejea yake ya ndani, kapasita kama hiyo kwenye pini hiyo ndiyo inayopendekezwa. Alichosahau ni kwamba safari hii kapasita haikutundikwa kwenye pini ya maikrokontrola peke yake. Imetundikwa pia kwenye kathodi ya TL431, na TL431 si diodi ya zena ya kawaida. Ndani yake mna kikuzaji ambacho muda wote kinalinganisha volteji ya pini ya rejea na volteji yake ya ndani, kisha kinavuta mkondo zaidi au kinaulegeza ili kufuta tofauti. Ukiweka kapasita mahali hapo, kathodi inachelewa kuitikia, na kikuzaji kinageuka mpishi anayepunguza makaa wakati wali umeshaanza kuungua, kisha anayaongeza wakati jiko limeshapoa. Kila sahihisho linafika limechelewa na kuongeza kosa badala ya kulipunguza, na matokeo yake kathodi inapanda na kushuka maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Wahandisi husema kwamba akiba ya fezi imekwisha. Maikrokontrola inapochukua kipimo, inaikuta volteji rejea popote pale ilipo katika mtetemo huo, ndiyo maana betri iliyotulia inaonekana kuwa na volteji mbili.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kapasita ndogo sana haidhuru, na kubwa ya kutosha haidhuru pia. Inayodhuru ni ya katikati. Datashiti ya TL431 ina mchoro wa mipaka ya uthabiti ambao ningependa kila fundi aubandike ukutani: mhimili mmoja ni ukubwa wa kapasita, mwingine ni mkondo wa kathodi, na eneo lililo chini ya mistari ndilo la hatari. Kwa jumla eneo hilo linaanzia kwenye makumi ya nanofaradi hivi, au chini kidogo, na kuishia kwenye mikrofaradi chache, mipaka ikihama kulingana na mkondo na volteji uliyoichagua. Nanofaradi 100 imekaa ndani yake kama mtu aliyeweka kiti katikati ya barabara. Tena TL431 hutengenezwa na viwanda vingi, michoro yao haifanani, na hiyo ya kwako iliyotoka kwenye pawa saplai iliyokufa huenda usijue imetoka kiwanda gani. Kwa hiyo mchoro uwe mwongozo, na ushahidi utoke kwenye meza yako mwenyewe.

Ushahidi wa kwanza hauhitaji zaidi ya multimita. Pima volteji ya DC kwenye kathodi, inua mguu mmoja wa kapasita kwa pasi ya kulehemu, kisha pima tena. Kapasita nzima haipitishi mkondo wa DC, kwa hiyo volteji haina haki ya kuhama. Ikihama milivolti kadhaa, jua kwamba kulikuwa na mtetemo ambao multimita iliuona kwa wastani wake tu. Usitegemee upande wa AC wa multimita ya bei ndogo, kwa sababu nyingi kati ya hizo hazisikii kitu masafa yanapozidi kilohezi chache, na mtetemo wa namna hii mara nyingi uko juu zaidi ya hapo. Wazee wetu wa karakana walikuwa wakisogeza redio ndogo ya AM karibu na saketi na kusikiliza mluzi unaotokea na kutoweka saketi inapowashwa na kuzimwa. Si kipimo cha kuandikia ripoti, lakini mluzi ukiusikia, umeusikia.

Ukiweza kuazima oskiloskopu, kifaa kinachochora volteji kwenye skrini, weka ingizo lake kwenye hali ya AC, tumia waya mfupi kabisa wa ardhi kwenye probu, kwa maana ule mrefu wenye klipu ya mamba hudaka takataka za hewani kama antena, na uangalie kathodi. Hata hivyo, mstari ulionyooka usikufanye ukunje vyombo. Saketi inaweza kuwa kimya mezani na bado ikawa ukingoni, ikisubiri joto au waya mrefu iteleze. Ili kujua umbali wake na ukingo, isukume kidogo uone inavyorudi: unganisha kathodi na ardhi kupitia rezista ya kilo-omu 2.2 na transista ndogo inayofunguliwa na kufungwa na mawimbi ya mraba ya kilohezi 1, ambayo hata aisii ya 555 itakupatia. Kila transista inapofunguka, mzigo unaongezeka kwa miliampia 1.1 hivi. Volteji ikishtuka na kurudi moja kwa moja mahali pake, una akiba nzuri. Ikiyumba mara moja au mbili kabla ya kutulia, inavumilika. Ikiyumba mara tano au sita kama bembea iliyoachwa, usiipeleke kazini, hata kama namba zimetulia. Rudia jaribio hilo betri ikiwa imeshuka na ikiwa imejaa, nyaya zote za mwisho zikiwa zimefungwa, kisha aisii ikiwa imepashwa kwa kikausha nywele na ikiwa imepozwa kwa barafu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja.

Dawa yenyewe ni rahisi kuliko uchunguzi. Unaweza kuitoa kapasita kabisa, au kuweka kubwa ya mikrofaradi 10 au zaidi kwa kadiri mchoro unavyoruhusu. Mimi napendelea njia ya tatu: acha kathodi bila kapasita, pitisha rezista ya omu 100 kuelekea pini ya maikrokontrola, na kapasita uiweke upande wa pili wa rezista hiyo, ili kikuzaji kisiione uso kwa uso. Fahamu tu kwamba rezista hiyo pamoja na ule ukinzani wa kilo-omu 32 itakula kama asilimia 0.3 ya volteji, karibu milivolti 8, ambazo utazirekebisha kwenye programu mara moja unapolinganisha na multimita nzuri. Na baada ya kuiweka, rudia jaribio la kusukuma, kwa sababu dawa nayo hupimwa.

*Ndugu Mhariri, katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho natumia kigeuzi cha biti 16 (kinachogeuza volteji kuwa namba) na aisii ya volteji rejea ya REF5025. Namba zinapanda na kushuka hatua 5 au 6 hata ninapopima kitu kilichotulia. Msimamizi wangu ameniambia nipime kelele ya hezi 0.1 hadi 10, lakini multimita ya maabara inaonyesha sifuri. Nifanyeje bila kifaa cha gharama kubwa?* — Mwanafunzi wa uhandisi, Kijitonyama.

Kabla ya kupima kelele ya volteji rejea, yaani kule kucheza kwake kudogo kusikotakiwa, hakikisha kwamba ndiyo yenye hatia. Hatua moja ya kigeuzi chako ni volti 2.5 kugawanywa kwa 65,536, yaani mikrovolti 38, na hatua 5 ni karibu mikrovolti 190. REF5025 yenye afya ina kelele ya takriban mikrovolti 7.5 kutoka kilele hadi kilele katika masafa uliyoyataja, ambayo ni sehemu ya tano ya hatua moja. Kwa hiyo ama volteji rejea yako inaumwa, ama unamsingizia asiyehusika.

Jaribio la kuwatenganisha washukiwa ni hili. Unganisha ingizo la kigeuzi na ardhi na uhesabu hatua zinazocheza. Kigeuzi hutoa uwiano kati ya ingizo na volteji rejea, na ingizo likiwa sifuri, kosa la volteji rejea linazidishwa kwa sifuri. Namba zikiendelea kucheza vilevile, tafuta kwenye kigeuzi chenyewe, ardhi yako au pawa saplai. Kisha weka betri mpya ya tochi ya volti 1.5, ambayo ni chanzo kimya kuliko watu wanavyoidhania, na uhesabu tena. Kucheza kukikua kadiri ingizo linavyokua, hapo volteji rejea ina kesi ya kujibu. Ila usichukue volteji ya majaribio kutoka kwenye REF5025 hiyohiyo kupitia rezista mbili, kwa sababu viwili hivyo vitapanda na kushuka pamoja na namba itatulia kwa uongo.

Ikithibitika kwamba ni yenyewe, angalia kwanza kapasita ya pato. Mtengenezaji anataka kati ya mikrofaradi 1 na 50, yenye ukinzani wa ndani usiozidi omu 1.5, na kwa ajili ya kelele ndogo anapendekeza ukinzani huo uwe kati ya omu 1 na 1.5. Kapasita ya seramiki ina ukinzani wa ndani ulio karibu na sifuri, na kwa saketi nyingi hiyo ni sifa. Hapa fundi anayenunua iliyo bora anaweza kupata matokeo yaliyo duni. Seramiki ina tabia nyingine pia. Niliwahi kuhangaika jioni nzima na kelele iliyokuja na kuondoka, mpaka nilipogonga ukingo wa bodi kwa penseli na kuona mchomo mmoja kwenye oskiloskopu kwa kila nilipogonga. Kapasita za seramiki za aina ya X7R na X5R hugeuza mtikisiko kuwa volteji, na mezani kwangu siku hiyo palikuwa na transfoma inayonguruma.

Sasa kipimo chenyewe. Unahitaji kukuza kelele mara 1,000 ili mikrovolti 10 ziwe milivolti 10, ambazo oskiloskopu ya kawaida inaziona. Tumia kikuzaji chenye kelele ndogo, kwa mfano OP27, ambayo kelele yake katika masafa hayo ni kama mikrovolti 0.08 tu. Zuia DC kwa kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 10 na rezista ya kilo-omu 160 kwenda ardhini, jozi inayokata chini ya hezi 0.1. Usikuze mara 1,000 kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mkondo mdogo wa ingizo la OP27 ukipita kwenye kilo-omu 160 unazaa milivolti ambazo zikikuzwa zitalijaza pato. Kuza mara 100, zuia DC tena, kisha kuza mara 10, na mwishoni weka kichujio cha hezi 10. Vyote viendeshwe na betri za volti 9, ndani ya kopo la bati la biskuti lililounganishwa na ardhi ya saketi, ili zile hezi 50 za umeme wa ukutani zibaki nje.

Ukishawasha, subiri dakika kadhaa kapasita zijae na kutulia. Mzunguko mmoja wa hezi 0.1 unachukua sekunde 10, kwa hiyo tazama sekunde 10 kamili kila mara na uandike umbali kutoka kilele cha chini hadi cha juu. Ukitaka thamani ya wastani wa mraba, gawanya umbali huo kwa 6.6. Na kabla hujaamini tarakimu yoyote, ondoa REF5025 na uweke betri mbili mpya za tochi zilizounganishwa kwa mfululizo: mstari usipopungua, ulikuwa unapima kelele ya kikuzaji chako.

Zima pangaboi. Sisemi kwa mzaha. Kila panapokutana metali mbili tofauti, kama shaba ya bodi na mguu wa aisii, panazaliwa volteji ndogo inayofuata tofauti ya joto, na kwa baadhi ya miguu ya aisii volteji hiyo hufikia makumi ya mikrovolti kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Upepo wa pangaboi unaopapasa bodi huleta kupanda na kushuka kwa polepole kunakofanana kabisa na kelele unayoitafuta. Nimeona kikombe cha plastiki cha chai, kilichofunikwa juu ya aisii, kikipunguza kelele kuliko aisii mpya ya bei ghali.

Neno moja kuhusu kuchukua wastani kwenye programu, maana najua ndiko utakakokimbilia. Wastani wa vipimo 16 hupunguza kelele nyeupe, ile iliyo sawa katika masafa yote, mara 4. Kelele ya masafa ya chini, ambayo huongezeka kadiri masafa yanavyopungua, haikubali kunyenyekezwa hivyo, kwa kuwa vipimo vyako vyote 16 vimepanda wimbi lilelile. Kichujio cha rezista na kapasita nacho kina mtego wake: kilo-omu 10 na mikrofaradi 10 zitakupa ukomo wa hezi 1.6, lakini kapasita ya elektroliti ikivuja hata mikroampia 1, unapoteza milivolti 10, na uvujaji huo hubadilika na joto. REF5025 ina pini ya kupunguza kelele ambayo kwa kapasita ya mikrofaradi 1 inafanya kazi hiyo ndani, bila ya kukugharimu kitu kwenye pato. Anzia hapo.

*Natengeneza mizani za dijitali kwa kutumia seli ya mzigo (kihisi cha uzito) na aisii ya kigeuzi ya HX711. Je, ninunue volteji rejea ya kiwango cha juu ili kilo zisicheze?* — Msomaji, Buguruni.

Hapana, pesa hiyo itafutie matumizi mengine. Katika saketi ya kawaida ya HX711, volteji inayoiamsha seli ya mzigo ndiyo hiyohiyo kigeuzi kinayoitumia kama rejea. Ikipanda kidogo, ishara ya seli inapanda kwa uwiano uleule na kilo inabaki palepale. Ni ule ulinganifu niliomwonya mwanafunzi wa Kijitonyama, ila kwako ni msaada. Kama kilo zinacheza, angalia waya wa seli na namna seli ilivyofungwa kwa boliti.

*Kipimo changu cha joto kiko ndani ya kisanduku ukutani, chini ya bati. Asubuhi na mchana kinatofautiana na kipimo cha kulinganishia, na tangu mvua za masika zianze tofauti imebadilika tena. Nimeangalia kwa oskiloskopu na hakuna mtetemo wala kelele. Nini tena?* — Fundi, Kigamboni.

Huo ni mwendo wa polepole, na oskiloskopu haiwezi kukuonyesha kinachochukua saa au wiki. Volteji rejea inayoruhusiwa kuhama sehemu 50 kwa milioni kwa kila nyuzi, ikiwa chini ya bati lililopata jua na joto likapanda nyuzi 10, itahama milivolti 1.25 katika volti 2.5. Ukichukua yenye sehemu 3 kwa milioni, utabaki na milivolti 0.075. Hilo la asubuhi na mchana linamalizika kwa aisii bora au kwa kukihamishia kisanduku kivulini, na kivuli ni cha bei nafuu.

Hilo la masika ni unyevu. Gamba la plastiki la aisii, pamoja na bodi yenyewe, hunyonya unyevu na kuvimba kidogo, likaibana silikoni iliyomo ndani, na silikoni inayobanwa hubadilisha volteji. Mabadiliko hayo huchukua siku kadhaa kuingia na siku kadhaa kutoka, ndiyo maana huyaoni mvua inaponyesha mchana mmoja. Aisii za gamba la metali au kauri lililozibwa hazinyonyi unyevu, lakini bei yake ni nyingine. Kwa kazi yako, iweke aisii karibu na ukingo wa bodi badala ya katikati panapopinda zaidi, chonga mifereji miwili mitatu kuizunguka ili bodi isiivute, kisha iache ikiwa imewashwa kwa muda mrefu kabla ya kuilinganisha. Sehemu kubwa ya kuhama kwa aisii mpya hutokea katika saa 1,000 za mwanzo, ambazo ni kama siku 42, na ukiilehemu upya katikati ya muda huo, hesabu inaanza tena.